Ndoo Chini ya Dirisha

"Dakika kumi," Sajini Chatsika alisema, akavua saa yake ya mkononi na kuiweka juu ya meza ya kituo cha polisi, Lilongwe. "Kumi, si kumi na moja."

"Zikomo, bambo," Mama Mathilde alimshukuru kwa Chichewa yake ya sokoni. "Nikimaliza kwa nane, mbili zitabaki zako."

Nyuma ya vyuma alikuwa ameketi Eliezer, fundi wa frigo kutoka Uvira, miguu mitupu, kwa maana viatu na mkanda vilikuwa vimechukuliwa. Ilikuwa Jumatano. Ijumaa asubuhi angepelekwa mahakamani kwa wizi wa mkufu wa dhahabu, na mkimbizi anayefika pale akiwa na kesi ya dhahabu hatoki upesi. Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka alikuwa ameacha mke, Arlène, na mtoto wa wiki tatu, Maombi. Jana yake Arlène aliingia kwa Mama Mathilde na mtoto mgongoni. Hakulia. Alisema tu: "Mama, weye ulikuwa polisi. Basi."

Ndiyo, alikuwa. Miaka kumi na moja alikuwa inspekta kule Uvira, mpaka vita ya kwanza ilipomtoa mwaka wa tisini na sita. Sasa ilikuwa Novemba ya tisini na tisa, vita ya pili inakula watu wake, na yeye alikuwa anashona mifuko ya shule kambini. Lakini daftari na penseli hakuviacha.

"Uniambie saa kwa saa, Baba Maombi. Usiruke kintu."

"Jumatatu nilifika kwa Mai Kapito saa mbili. Klimatizeri, ile mashini ya baridi ya chumba cha kulala, ilikuwa inatoa maji ndani, mpaka juu ya kitanda. Mi nikafungua kifuniko, nikaosha filtre inayochuja hewa, nikazibua mrija, nikajaribisha dakika makumi mbili. Ikaenda muzuri. Saa nne nikatoka."

"Mkufu uliuona?"

"Niliona meza yenye vidirowa. Sikuvigusa. Mikono yangu ilikuwa na uchafu, ningeacha alama kila mahali."

Mama Mathilde aliandika hilo neno la uchafu. Kisha akauliza alichokuwa hajui, maana Uvira alizoea kuuliza fundi juu ya kazi yake kwanza. Mtu husema uongo juu ya mke, juu ya mwendo wake, lakini juu ya kazi yake fundi ni vigumu kusema uongo.

"Hiyo mashini inapata wapi baridi?"

Eliezer alicheka kwa mara ya kwanza tangu afungwe. "Haipate baridi popote, mama. Mashini inakamata joto ndani, inaenda kuitupa inje. Njo maana iko mbili: moja mu chumba, moja inje ya ukuta. Simama nyuma ya ile ya inje, joto yote ya chumba itakupiga usoni."

"Inaibeba na nini?"

"Na gazi. Unakumbuka alkoli ile banakupangusa mbele ya sindano? Ngozi inasikia baridi. Ni ju alkoli inakauka, na ikikauka inaondoka na joto yako. Gazi njo vile. Mu mirija ya ndani inachemka, inakamata joto ya chumba. Kompreseri inaifinya, inaisukuma inje, kule inatapika ile joto, inageuka maji-maji, inarudia ndani. Inazunguka tu. Lakini ukiacha mlango wazi, inabeba joto ya Lilongwe nzima. Haimalize kazi hata Noeli ifike."

"Na yale maji ya kitandani?"

"Chupa ya bia ikitoka mu frigo inatoka jasho, si vile? Ile jasho haitoke mu bia. Ni maji ya hewa. Mirija ya ndani iko baridi kama ile chupa, hewa ikipita inaacha maji pale. Miezi hii ya mvua hewa iko na maji mingi sana. Maji inapaswa kushuka mu mrija, itonye inje chini ya dirisha. Mrija ulikuwa umezibwa na uchafu wa kijani. Niliuzibua kwa kupuliza na kinywa."

"Na kinywa?"

"Frigoriste wa kambi hana pompu, mama."

Mama Mathilde aliandika: maji, chini ya dirisha. Akapiga mstari.

Sajini alichukua saa yake. "Nikuokolee nauli, mama," alisema walipokuwa mlangoni. "Mfanyakazi wa ile nyumba, Gentille, naye ni wa kambini kwenu. Jana asubuhi ametoroka. Mmoja anaingia chumbani, mwingine anatoroka. Mimi kesi yangu imekwisha."

"Inawezekana, bambo. Lakini mwizi anayengoja mpaka siku ya pili ndipo atoroke ni mwizi mvivu."

*

Nyumba ilikuwa Eria Ten, mtaa wa matajiri wa Lilongwe, yenye ukuta mrefu na maua mekundu. Mai Kapito, mwenye nyumba, alikuwa mjane aliyefanya biashara ya vitenge mpaka Mbeya, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Mama Mathilde.

"Ule mkufu ulikuwa wa mama yangu," alisema. "Jumatatu nilitoka saa moja asubuhi kwenda Salima, ulikuwa kwenye droo. Nimerudi saa kumi na moja, haupo. Mimi sina ubaya na wakimbizi. Lakini fundi yule peke yake ndiye aliyeingia."

"Peke yake?"

"Baada yake alikuwamo Limbani, mtoto wa kaka yangu. Alilala humo mchana kutwa."

Limbani alikuja akipiga miayo. Kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, na mkononi saa yenye mkanda mpya unaonuka ngozi. Kiswahili alikielewa, shangazi yake alimlea nacho.

"Kaka, nisimulie usingizi wako," Mama Mathilde alisema.

"Usingizi wangu?"

"Wengine wanasimulia ndoto. Mi nataka usingizi."

Limbani alicheka, akakaa. "Fundi alipotoka saa nne niliingia, nikafunga mlango kwa ufunguo. Nikafunga madirisha. Nikawasha mashine, nikaiweka nyuzi kumi na sita, baridi kabisa, maana siku ile kulikuwa na joto la kuua. Nikalala mpaka saa kumi. Nilijifunika blanketi mbili."

"Hukuzima?"

"Nilizima nilipoamka."

"Saa sita nzima."

"Saa sita nzima. Hakuna aliyeingia. Ukitaka nitaapa."

"Sijakuomba uape. Umesema vizuri."

Mama Mathilde alizunguka kile chumba polepole. Kitanda, meza ya vidroo, mlango wa ndani, na mlango mwingine unaotokea barazani. Kidude cha kuwashia kilikuwa juu ya meza. Kisha akatoka nje, akasimama chini ya dirisha. Mrija mweupe ulitoka ukutani, umeinama kama shingo ya bata. Chini yake, kwenye udongo, kulikuwa na duara iliyokandamizwa, upana wa ndoo ya lita kumi. Duara ipo, ndoo haipo.

"Mai, nani anaweka ndoo hapa?"

"Ndoo?" Mai Kapito alikunja uso. "Hakuna. Nilikataza. Sitaki wageni waone ndoo kwenye ukuta wangu wa mbele kama kwenye kisima."

Mama Mathilde alipima ile duara kwa shibiri yake, akaandika.

*

Saa tisa alikuwa amerudi Dzaleka. Pale penye bomba la mkono, ndoo zilizopanga foleni zilikuwa nyingi kuliko watu: nyekundu, za bluu, na madumu ya mafuta yaliyokatwa kichwa. Gentille alikuwa wa kumi na mbili. Alipomwona Mama Mathilde alishika ndoo yake kama anataka kukimbia nayo.

"Mama Jules," Mama Mathilde alimwita kwa jina la mwanawe. "Usikimbie, utapoteza nafasi yako, na mi miguu inauma."

Wanawake wa foleni wakacheka. Gentille hakucheka.

"Bamekutuma kunikamata?"

"Nani atatuma bibi kama mi kukamata mutu? Kuya hapa. Mama Niyibizi, umuchungie ndoo."

Walisimama kando, karibu na ukuta wa gereza lililokuwapo kabla ya kambi.

"Ju ya nini ulitoroka?"

"Madam alisema polisi batakuya kupekua kila kintu."

"Na kulikuwa nini cha kukuta kwako?"

Gentille aligeuka kutazama ndoo yake kwenye foleni.

"Gentille. Uliiba?"

"Mkufu sikuiba, mama." Alitazama chini. "Niliiba maji."

Mama Mathilde alifungua daftari. "Endelea."

"Ile mrija, mama, inatonya mchana wote. Maji safi, inaingia mu udongo bule. Mi napanga foleni hapa miaka mitatu, mi siwezi kuangalia maji inamwangika hivi. Roho inakataa. Madam alikataza ndoo, lakini akitoka mi ninaweka. Akikaribia kurudi ninaondoa. Ninafulia nguo za Jules."

"Jumatatu uliweka?"

Hapo Gentille alifunika kinywa. Mama Mathilde alingoja. Alikuwa amengoja majambazi wa Uvira, hakushindwa kungoja mfua nguo.

"Niliweka," Gentille alisema mwishowe. "Eliezer alipojaribisha niliona maji inatoka muzuri. Alipotoka tu, saa nne, nikakimbia kuweka. Saa kumi nikaenda kuchukua." Akashusha sauti. "Ilikuwa kavu."

"Kavu namna gani? Maji kidogo?"

"Kavu, mama! Mavumbi ndani. Sisimizi walikuwa wanatembea."

"Mutu mwingine hakuimwanga?"

"Angemwanga, udongo ungelowa. Udongo ulikuwa kavu vilevile."

"Na umeme? Labda ulikatika."

"Haukukatika. Nilipiga pasi tangu saa sita mpaka saa tisa, mashati ya Limbani yote saba. Pasi ya umeme."

"Sasa ju ya nini hukumwambia mutu?"

Machozi yakamtoka. "Ju nilijua Eliezer ameiharibu! Mashini ilikuwa inatoa maji, yeye ametengeneza, na maji imekwisha. Alikuwa na kesi ya mkufu, mi nimuongezee kesi ya mashini? Arlène njo jirani yangu. Nikasema ninyamaze, nimusaidie."

Mama Mathilde alifunga daftari. Alimshika Gentille bega, si kwa ukali.

"Mwanangu, kwa kumusaidia umekalia ufunguo wa mlango wake. Ile mashini haitengenezi maji. Inatoka jasho, kama chupa. Ikifanya kazi inatoka jasho. Ikilala, haitoke."

"Basi ilikuwa imekufa?"

"Ilikufa ao ilikuwa haijawashwa. Kesho tutaiuliza yenyewe. Na weye utakuya na ndoo ileile."

"Madam atanifukuza!"

"Atakufukuza kwa ndoo. Eliezer watamufunga kwa dhahabu. Chagua."

Gentille alitazama foleni, kisha ndoo yake ya bluu iliyokuwa imefika ya nne sasa. Alipangusa macho kwa kitenge.

"Ngoja kwanza nichote," alisema. "Kesho tutaenda."

*

Alhamisi saa tatu asubuhi Sajini Chatsika alikuwa barazani kwa Mai Kapito, kofia gotini, uso wa mtu aliyeahidiwa chai. Alikubali kuja kwa sababu moja: Mama Mathilde alimwambia kwamba kama amekosea, atamletea Gentille mwenyewe kwa mkono. Na Gentille alikuwa pale, amesimama na ndoo ya bluu mbele ya macho ya mwenye nyumba.

"Kumbe wewe!" Mai Kapito alisema. "Na hiyo ndoo!"

"Mai, mgombeze baadaye," Mama Mathilde alisema. "Nitakusaidia. Sasa naomba Limbani arudie maneno yake mbele ya sajini."

Limbani alirudia. Saa nne mpaka saa kumi, mlango umefungwa, kumi na sita, blanketi mbili. Sajini aliandika, Limbani akaweka sahihi kwa mbwembwe.

"Zikomo. Sasa tunafanya vilevile."

Walifunga madirisha. Mai Kapito mwenyewe alibonyeza kidude, kikaandika kumi na sita, mashine ikavuta pumzi na kuanza kunguruma. Walitoka, wakafunga milango yote miwili. Gentille akaweka ndoo katika duara yake, ikakaa sawasawa kama yai katika kiota. Mama Mathilde alimwita sajini nyuma ya ile mashine ya nje.

"Weka mkono, bambo."

Sajini aliweka, akautoa. "Moto!"

"Ni joto ya chumba cha Mai. Inafukuzwa kama sisi."

Wakakaa barazani. Chai ilikuja. Dakika kumi, mrija mkavu. Limbani alianza kupiga mluzi. Dakika kumi na mbili, Gentille akashika mkono wa Mama Mathilde.

Tone moja. Likapiga chini ya ndoo, ta. Kisha la pili. Kisha hayakuhesabika tena, yakawa uzi.

Mluzi ukaisha.

Saa moja ilipotimia Gentille alipima kwa kikombe chake cha bati cha nusu lita, mbele ya sajini. "Kimoja," alihesabu. "Mbili. Tatu." Akarudisha maji ndani ya ndoo kwa uangalifu, tone lisipotee.

"Vikombe vitatu kwa saa moja," Mama Mathilde alisema. "Kwa saa sita, bambo?"

Sajini alikunja vidole. "Kumi na vinane. Lita tisa."

"Ndoo nzima, karibu. Jumatatu ndoo hii ilikaa hapa tangu saa nne mpaka saa kumi. Ilikuwa na mavumbi na sisimizi."

"Neno la mkimbizi!" Limbani alisema haraka. "Amemwaga mwenyewe!"

"Neno lililomponza kwa madam wake," Mama Mathilde alijibu. "Mutu hadanganyi ili agombezwe."

"Basi umeme ulikatika!"

"Ulikuwa umelala. Ulijuaje?"

"Nasema labda!"

"Hilo shati, kaka, lilipigwa pasi lini?"

Limbani alijitazama kifuani. Mai Kapito alijibu badala yake, polepole: "Jumatatu. Nilipofika jioni yote saba yalikuwa yametundikwa. Kwa pasi ya umeme."

"Basi labda mashine ilikuwa mbovu!"

"Hakuna fundi aliyeigusa tangu Jumatatu saa nne. Imetutolea vikombe vitatu sasa hivi. Mashine ni nzima, umeme ulikuwapo, ndoo ilikuwapo. Kilichokosekana ni mutu wa kubonyeza kidude." Mama Mathilde alifungua daftari lakini hakulisoma. "Hukulala humo. Ulifunga mlango wa ndani, ukatoka kwa huu wa baraza wakati Gentille yuko uani na pasi. Ukasema ulilala ili baada ya Eliezer asiwepo mutu mwingine. Blanketi mbili ulizisema kwa ajili ya kunogesha. Uongo ukiungwa sana unanuka. Ulikuwa wapi?"

"Matembezini."

"Na mkanda wa saa?"

Mkono wa Limbani ulikimbilia mfukoni. Mai Kapito aliuwahi, akauvuta, akageuza ile saa juani.

"Mkanda huu Jumapili ulikuwa umekatika," alisema. "Ulishika saa mkononi kanisani, nilikuona. Nani amekuwekea?"

"Sokoni Tsoka," Limbani alinong'ona.

"Fundi wa saa wa Tsoka," Mama Mathilde alisema. "Mafundi wa saa wananunua dhahabu pia. Hata Uvira ni vilevile. Akipenda mali uliyomletea, anakupa na mkanda wa bure."

Limbani alikaa chini kwenye ngazi, shati na mikunjo yake yote. "Anti, bado hajauyeyusha. Alisema mpaka Ijumaa. Ningeurudisha."

"Ijumaa," Mai Kapito alisema, "ungemwacha mtu aende jela Ijumaa."

Hakupaza sauti. Alivua ile saa mkononi mwa Limbani, akampa sajini. "Gari langu lipo. Twende Tsoka kabla huyo fundi hajawasha moto wake."

Sajini Chatsika alivaa kofia. Alimtazama Mama Mathilde, akakohoa. "Mama, Uvira mlikuwa na polisi wengi kama wewe?"

"Walikuwapo wazuri kuliko mi. Hawakukimbia."

*

Mkufu ulikutwa Tsoka, ndani ya kopo la maziwa, chini ya saa mbovu. Saa nane mchana Eliezer alitoka mlango wa kituo na viatu mkononi, akipepesa macho kwa jua. Mai Kapito alikuwa amesimama kando ya gari lake. Alipiga goti kidogo mbele yake kama Wamalawi wanavyofanya kwa mtu wa kuheshimu. Kisha akamgeukia Gentille.

"Na wewe. Jumatatu urudi kazini. Ile ndoo..." Alisita. "Iweke. Lakini ya bluu haipendezi na maua yangu. Nitanunua nyekundu."

Ndoo yenyewe ilikuwa nyuma ya gari, imefunikwa kwa sahani, maana sajini aliitaka kama ushahidi. Sasa aliishika mpini, akaielekeza mtaroni.

"Usimwage!" Gentille na Mama Mathilde walipiga kelele pamoja.

Sajini aliganda, ndoo hewani. Gentille aliipokea, akaiweka kichwani bila kuishika.

Eliezer, ambaye sajini alikwisha kumweleza jinsi ndoo ilivyomtoa, alikuwa bado anaiangalia. Hakuuliza nani aliiba, wala mkufu ulikuwa wapi.

"Mama, kwa saa moja mashini ilitoa maji ngapi?"

"Vikombe vitatu vya Gentille."

Alitikisa kichwa polepole, akainama kuvaa viatu.

"Basi niliizibua muzuri," alisema. "Twende. Arlène iko anangoja."